Kupandikiza uloto mara ya pili: tunaanza na muda wa nafuu

Machi ni mwezi wa uhamasishaji kuhusu mieloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uloto, na swali tunaloulizwa zaidi kliniki ni hili: ugonjwa umerudi, je, tupandikize tena?

Inawezekana, ila si kwa kila mgonjwa. Tunaangalia kwanza nafuu ya awali ilidumu muda gani. Ikiwa ugonjwa ulirudi ndani ya mwaka, kurudia melphalan ileile, dawa kali ya saratani inayotangulia kupandikiza, hakuna faida ya maana. Wataalamu wengi huanza kufikiria kupandikiza tena nafuu ikiwa imedumu kuanzia miezi 18, na kwa aliyekuwa akimeza lenalidomide, dawa ya kudumisha nafuu, miaka 3. Katika utafiti wa Uingereza wa Myeloma X, uliochapishwa mwaka 2014, nusu ya waliopandikizwa tena walifikisha miezi 19 kabla ugonjwa haujasonga mbele; kwa waliomeza cyclophosphamide, dawa nyingine ya saratani, kila wiki, ilikuwa miezi 11. Tangu hapo dawa mpya zimeongezeka, kwa hiyo daktari akikuanzishia hizo kwanza, hajakunyima haki yako.

Tafadhali, tuache kuleta kaka na dada wapimwe. Seli zinazopandikizwa, zile za uloto zinazotengeneza damu, ni za mgonjwa mwenyewe, huvunwa na kuhifadhiwa kabla ya melphalan. Tumelisema, tutalisema tena. Wala hakuna mgongo unaopasuliwa: seli huingia kwa mpira kwenye mshipa, kama damu ya kuongezewa.

Kinachokwamisha wengi ni karatasi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hii mwaka 2021. Waliotangulia wengi walipandikizwa India, na huenda seli zao za akiba bado ziko huko kwenye naitrojeni ya kimiminika. Iandikie hospitali husika uombe barua yenye tarehe ya uvunaji, idadi ya mifuko iliyobaki, idadi ya seli kwa kila kilo ya uzito (chini ya milioni 2 hazitoshi), na majibu ya vipimo vya homa ya ini na VVU vya siku hizo. Uliza pia kama ada ya kuhifadhi imelipwa. Kama hakuna akiba, itabidi kuvuna upya, na uloto uliochoshwa na dawa hutoa kidogo. Ndipo vifuate vipimo vya moyo, mapafu na figo, kikao cha jopo la madaktari, kisha fomu ya ridhaa. Figo zikiwa dhaifu, dozi ya melphalan hupunguzwa kutoka miligramu 200 hadi 140 kwa kila mita ya mraba ya mwili.

Siku ya melphalan utapewa barafu uimumunye kabla, wakati na baada ya dripu, kupunguza vidonda vya mdomo. Wanaopandikizwa mara ya kwanza huitema mapema. Waliowahi kupitia huomba wenyewe kikombe cha pili.