Kwa nini hatusemi tena kwamba tutammaliza dumuzi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni lini sisi watafiti wa wadudu wa ghalani tutapata dawa ya kummaliza dumuzi. Jibu langu ni fupi na halijawahi kumfurahisha aliyeuliza: hatutammaliza. Dawa za kumuua zipo, tena si za jana wala juzi. Linalotushinda ni kwamba ghala si makazi yake pekee.

Dumuzi, ambaye kitaalamu ni Prostephanus truncatus na kwa wakulima wengi wa Tanzania ni skania, si mdudu wa kwetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Inadhaniwa aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje, na taarifa ya kwanza ya kitaalamu ilihusu Tabora, mwaka 1981. Kufikia 1983 alikuwa ameshavuka mpaka na kuonekana Kenya. Mwaka 1984 akaripotiwa Togo, upande wa pili wa bara, ikiwa ni uvamizi mwingine kabisa usiohusiana na ule wa Tabora. Wakulima wa Tabora walimzoea fukusi, anayetoboa punje moja moja na kula kidogo kila msimu kama mtoza ushuru. Huyu mgeni aliwaachia unga. Vipimo vya miaka ile vilionyesha upotevu wa uzito wa hadi asilimia 34 baada ya miezi michache tu ya kuhifadhi mahindi kwenye magunzi, na kwenye muhogo mkavu hali ilikuwa mbaya zaidi.

Kilichowaponza watu mwanzoni kilikuwa utambuzi. Mdudu mdogo wa kahawia ndani ya mahindi, kwa macho ya haraka, ni fukusi tu. Basi ikapigwa dawa ya fukusi. Dawa za unga za kundi la oganofosfeti, mfano pirimifosi-methili, humwangusha fukusi vizuri, lakini dumuzi huzivumilia. Permethrini, iliyo katika kundi la dawa zinazoiga pareto, hufanya kinyume chake: dumuzi hufa, fukusi hubaki akitembea. Ndiyo maana dawa za unga zilizokuja baadaye zina viambato viwili. Nimesikia mara nyingi kwamba hiyo ni mbinu ya wauzaji ya kupandisha bei. Sivyo. Kila kiambato kina mdudu wake, na ukiondoa kimoja umemfungulia mlango mmojawapo.

Kampeni iliyoendeshwa Tanzania miaka ya 1980 kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliongeza jambo jingine ambalo wengi walilichukua kama kazi ya ziada: pukuchua kwanza, ndipo uchanganye dawa. Sababu yake imo katika namna dumuzi anavyotoboa. Anahitaji kitu kilichotulia ili ajikite na kusukuma kichwa. Punje zilizoshikana kwenye gunzi zinampa msimamo huo, wakati punje zilizopukuchuliwa huteleza na kuzunguka anapojaribu kuingia. Isitoshe, unga wa dawa haupenyi chini ya maganda ya gunzi. Kupukuchua peke yake hakumuui dumuzi, ila humpunguzia kasi, na kwenye mahindi yaliyopukuchuliwa dawa humfikia.

Kumtambua si kazi ngumu ukiwa na lenzi ndogo ya mkononi. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mrija. Dumuzi hana. Mwili wake ni mcheduara mfupi wa milimita 3 hadi 4 na ushei, kichwa kimeinamia chini ya kifua hata ukimtazama kwa juu hukioni. Kuna ndugu yake mdogo, Rhyzopertha dominica, anayefanana naye sana, na hapa hata maofisa ugani wazoefu hukosea. Mgeuze umtazame nyuma: wa dumuzi ni mwisho uliokatika ghafla, bapa, kama aliyechongwa kwa patasi, na wa Rhyzopertha umezunguka taratibu. Nyuma ndiko penye jibu. Na kabla hata ya kumpata mdudu mwenyewe, utazame unga. Fukusi huacha matundu na vumbi kidogo. Dumuzi huacha unga mwingi mno kulingana na idadi ya wadudu unaowaona, kwa sababu anatoboa zaidi ya anavyokula.

Sasa turudi kwenye kutokomeza. Kuna mdudu wa ghalani aliyewahi kutokomezwa eneo zima, naye ni khapra, Trogoderma granarium. Aligunduliwa California mwaka 1953, na kampeni dhidi yake ikaendelea hadi 1966, maghala mazima yakifunikwa turubai kubwa na kufukizwa gesi ya methili bromidi. Iliwezekana kwa sababu mbili. Khapra mpevu haruki, na maisha yake yote yamefungwa kwenye majengo, magunia na nyufa za binadamu. Ukiyajua maghala yote, umemjua mdudu wote.

Dumuzi hana sifa hata moja kati ya hizo. Familia yake, Bostrichidae, kwa asili ni ya watoboa miti, na mahindi ni chakula alichokidandia baadaye. Mitego iliyowekwa porini Kenya na Afrika Magharibi, mbali na shamba lolote la mahindi, ilinasa dumuzi kwa wingi. Huzaliana ndani ya matawi makavu, hasa yale ambayo mbawakawa wenye pembe ndefu wameyakata gome kwa kuyazunguka hadi yakakauka. Hebu fikiria ukubwa wa miombo ya Tabora pekee, kisha uniambie ni turubai gani litakaloifunika.

Utafiti ulipolitambua hilo ukageuza swali. Badala ya kuuliza tumuueje kila mahali, ukaanza kuuliza anafikaje kwenye kihenge fulani, na lini. Hapa ndipo kazi yetu inaponoga, kwa maoni yangu.

Dumuzi dume akishapata chakula hutoa feromoni, harufu inayowaita wenzake, dume na jike. Wakemia walianza kuitenga miaka ya 1980, na ina viambato viwili ambavyo leo hutengenezwa maabara na kutiwa kwenye mitego. Ajabu ni kwamba majaribio hayakuonyesha mdudu huyu akivutwa na harufu ya mahindi yenyewe kutoka mbali. Wa kwanza kufika hufika kwa kubahatisha. Akitua kwenye kihenge chako anaanza kuita, na jike akishafika ananyamaza. Kwa hiyo msimu mmoja kihenge kimoja huangamia na cha jirani, hatua chache tu kutoka hapo, kinabaki kizima. Maneno ya kijicho yaliyokwisha kuzushwa vijijini kwa ajili ya jambo hili ni mengi, na chanzo chake ni dume mmoja aliyetua kwa bahati.

Mitego ya feromoni hutusaidia kujua wanaruka kwa wingi wakati gani. Huruka zaidi jua linapoelekea kuzama, na idadi hupanda na kushuka kwa misimu. Ila mtego si silaha. Harufu yake huita wadudu wengi kuliko inaowanasa, na wengine hutua pembeni. Mtu anayeutundika ndani ya ghala amewaalika wageni. Tunauweka angalau mita 100 kutoka kwenye mahindi yoyote, na hata hapo shabaha ni kuhesabu, si kusafisha. Wenzetu wa Ghana walikwenda hatua moja mbele: walitengeneza njia ya kukadiria, kwa kutumia joto na unyevunyevu wa hewa wa kipindi kilichotangulia, kama msimu ujao utakuwa wa dumuzi wengi au wachache. Msimu wa wachache, mkulima anaweza kuokoa dawa yake. Sielewi kwa nini huduma kama hii haijaenea, maana takwimu za hali ya hewa zinakusanywa kila siku.

Feromoni hiyohiyo husikilizwa na adui wa dumuzi. Teretrius nigrescens ni mdudu mweusi mdogo kutoka Amerika ya Kati anayekula mayai na lava (funza wachanga) wa dumuzi, naye hufuata mwito wa dume hadi mezani. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, baada ya majaribio marefu ya kuhakikisha kwamba haharibu nafaka. Maeneo mengine idadi ya dumuzi kwenye mitego ilishuka, mengine haikushuka sana, hasa kwenye baridi au ukavu usiomfaa. Wapo waliomtangaza kama mkombozi na wapo wanaosema alishindwa. Mimi naona pande zote zimekosea kipimo. Anafanya kazi porini, kule ambako hakuna mtu atakayepuliza dawa, na anapunguza wanaorukia vijijini. Huwezi kumtegemea alinde gunia lako.

Gunia linalindwa kwa kuliziba. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue juu ya kunde huko Cameroon, ina tabaka mbili za plastiki nzito ndani na gunia la kawaida nje. Wadudu walionaswa ndani hupumua hadi oksijeni inashuka chini ya asilimia 5, na hapo huacha kula. Wengi husema wanakufa kwa kukosa pumzi. Utafiti umeonyesha kitu cha kuvutia zaidi: wanakufa kwa kiu. Mdudu wa nafaka kavu hanywi, maji yake mengi huyatengeneza mwilini kwa kuunguza chakula akitumia oksijeni. Oksijeni ikipungua, kiwanda hicho kinasimama na mwili unakauka. Jambo hili linaeleza pia kwa nini dumuzi ni msumbufu kwenye ghala la kawaida: anaweza kustawi kwenye mahindi makavu yenye unyevu wa asilimia 9 hivi, kiwango ambacho fukusi hawezi.

Anaweza kutoboa plastiki? Anaweza, na hujaribu, hasa tabaka la ndani. Ndiyo sababu ya tabaka mbili. Anayeuharibu mfuko mara nyingi zaidi ni mtu anayeufungua wiki za mwanzo ili "kuangalia maendeleo", akaingiza hewa mpya kabla wadudu hawajafa.

Lakini usizibe mahindi mabichi. Mfuko haukaushi kitu. Unyevu ukizidi asilimia 13.5 unawakaribisha ukungu, na ukungu wa Aspergillus flavus hutoa sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu na haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, iligundulika watu 317 wameugua na 125 wakafa kwa mahindi ya aina hiyo. Kipimo cha chumvi kavu ndani ya chupa, ambacho maofisa ugani hukifundisha sana, kina mpaka wake: chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umejua tu kwamba uko chini ya 15, na kwa mfuko uliozibwa hiyo haitoshi. Anika tena siku moja au mbili, au utafute mashine ya kupima unyevu kwenye chama cha wakulima.

Vidonge vya gesi ya fosfini, vinavyotumika kufukiza wadudu, nitaviandikia siku nyingine kwa kirefu. Kwa leo itoshe kusema kwamba visiwekwe ndani ya gunia lililo katika nyumba wanamolala watu. Gesi hiyo humuua mtu kabla haijamaliza lava.

Kwa anayehifadhi kwenye magunia ya kawaida, kagua kila wiki mbili. Chomeka bambo (chuma chenye ncha cha kutolea nafaka guniani) sehemu kadhaa za gunia, chini na ubavuni pia, si juu tu, kisha chekecha ulichokipata kwenye chekecheo la chai juu ya karatasi nyeupe. Unga ukiwa mwingi, tafuta mdudu. Ukimpata na huna hakika, usimponde. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti, andika mahali na tarehe kwa penseli (wino huyeyuka), umpeleke kwa ofisa ugani bila kumvunja, maana sehemu ya nyuma ikipondeka hata mimi sitakuambia ni nani.

Na kabla ya mavuno mapya, usafishaji usiishie kwenye sakafu. Magunzi ya mwaka jana yaliyorundikwa pembeni yachomwe au yatumike jikoni upesi, kwa kuwa dumuzi hubaki ndani ya gunzi lenyewe baada ya punje kwisha. Kisha gonga nguzo na fito za kihenge. Ikianguka vumbi laini la mti, wamo humo, na fito hizo zibadilishwe kabla ya kuingiza gunia la kwanza.