Ardhi ya Old Trafford, ardhi ya Fumba: yanayosemwa barazani na yalivyo

Tangu Machi 2025, Manchester United ilipotangaza kwamba inataka kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 jirani na Old Trafford, uwanja wake wa miaka yote, baraza za Unguja hazijakosa la kubishania. Pita baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni, kahawa ikimiminwa, utawakuta wa Arsenal na wa Liverpool nao wakiwafundisha wenzao wa Man U namna ya kujenga uwanja wao. Na kwa kuwa na sisi tuna wetu, uwanja wa AFCON 2027 (Kombe la Mataifa ya Afrika) uliopangiwa Fumba, nje ya mji, mazungumzo huanza Manchester yakaishia Fumba. Kasoro ni kwamba watu huichukua sheria ya huku wakaihukumia kule, na ya kule wakaileta huku. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi.

"Serikali ya kule si ichukue tu hilo eneo, uwanja ujengwe?"

Linalozungumzwa ni eneo la kupakia na kupakua makontena ya reli, lililo mgongoni kwa Old Trafford, mali ya kampuni ya Freightliner. Klabu ililitaka. Mwaka 2025 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba klabu inalithamini kwa pauni milioni 40 hadi 50, na mwenye eneo anataka kiasi cha milioni 400. Ukizisikia hizo namba unaelewa kwa nini mazungumzo yalikwama.

Uingereza upo utwaaji wa lazima, lakini klabu ya mpira haina mamlaka hayo. Ni halmashauri, au chombo kilichoundwa na serikali kwa kazi hiyo, ndicho kinachoomba, na lazima kioneshe kwamba umma ndio utakaofaidika, si mwenye timu. Anayepinga husikilizwa, waziri huamua, na bado mlango wa mahakama uko wazi. Waulizeni Tottenham. Walipotaka kujenga uwanja wao mpya, palikuwa na karakana ya mabati ya familia moja, Archway Sheet Metal Works, iliyogoma kuhama. Amri ya kuitwaa ilitoka 2014, kesi ikaamuliwa mahakamani mwanzoni mwa 2015, na uwanja ukafunguliwa Aprili 2019. Hiyo ni karakana moja.

Wengi huishia kusema Freightliner wana tamaa. Mimi sikubali moja kwa moja. Kituo cha makontena si meza ya urojo, kwamba ukiambiwa sogea unaibeba ukaiweka mtaa wa pili. Kinataka reli, barabara ya malori, winchi, na eneo jingine lililokwisha kupata kibali. Asiyetaka kuuza hana kosa la kutaja bei kubwa.

"Serikali ya Uingereza inawajengea Man U uwanja."

La. Serikali iliunga mkono mpango wa kuufufua mtaa mzima, yaani barabara, reli na nyumba. Uwanja wenyewe, unaokisiwa kufika pauni bilioni 2, ni mzigo wa klabu. Klabu hiyo hiyo bado ina madeni, na mzizi wake ni 2005, familia ya Glazer ilipoinunua kwa fedha za mikopo. Ndiyo maana kila pauni ya bei ya ardhi inawauma.

"Ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali, ukiambiwa hama huna la kudai."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu mwanzo wake ni kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitiwa mikononi mwa serikali, na kuanzia 1965 familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya ardhi ya 1992 ikaendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini haki ya kutumia nayo ni haki, na kilichosimama juu ya ardhi kina mwenyewe. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inailinda mali ya mtu isichukuliwe kiholela bila fidia. Nyumba ni mali. Minazi ni mali.

Na hapa ndipo mshabiki aliyezoea habari za Uingereza anapopotea. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine; ni mila kongwe na sheria inaitambua. Mthamini akiingia shambani haangalii ukubwa wa eneo peke yake. Anakwenda mti kwa mti: mnazi unaozaa, mnazi mchanga, mwembe, mfenesi, mkarafuu kama ni upande wa Pemba. Kisha kisima, banda la mbuzi, na ule msingi wa matofali ulioota nyasi huku nondo zimechomoza, mwenyewe anasubiri zamu yake ya upatu imfikie. Vyote huandikwa, na kila kimoja kinatakiwa kiwe na jina mbele yake. Jina la nani? Babu aliyepewa eka kafariki, mirathi haijagaiwa, minazi kaipanda ami, nyumba kajenga mtoto wa shangazi. Ugomvi wa bei husikika sana, lakini wa jina ndio unaochelewesha watu kulipwa, na huo hauanzi na serikali. Unaanza nyumbani.

Kwa hiyo la kuuliza Fumba, au popote panapobomolewa, si kama wenyeji wana haki. Wanayo. La kuuliza ni kama orodha ilisomwa mbele ya watu, bei zilikuwa za lini, na malipo yalitangulia tingatinga au yalifuata nyuma.

"Mkutano wa kijiji ukikataa, mradi umekwisha."

Hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria zetu, tuna masheha, wakuu wa shehia, na tuna Mahakama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Anayetaka kudai aende huko, asipoteze mwezi mzima akinukuu kifungu kisichovuka bahari.

"Zanzibar ni mwenyeji wa AFCON kwa jina lake."

Wenyeji ni Kenya, Uganda na Tanzania. Zanzibar ilikubaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwa mwanachama kamili Machi 2017, na Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Tutapokea mechi, ila bendera ni moja.

"Uwanja ukija, ajira zimekuja."

Man U walitangaza ajira 92,000 na nyumba mpya 17,000. Ukisoma kwa utulivu, hayo ni makisio ya mtaa mzima ukishajengwa upya, tena yametolewa na wenye mradi, si mapato ya uwanja. Timu ya Ligi Kuu ya England inacheza mechi 19 za ligi nyumbani kwa msimu. Siku nyingi zilizobaki hakuna mechi.

Kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Amaan, uliofunguliwa 1970 na kufanyiwa ukarabati mkubwa 2023, ulishuhudia Simba na RS Berkane ya Morocco Mei 2025 katika mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, kisha mechi za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti. Siku kama hizo muuza maji na muuza mishkaki wanacheka. Njoo siku ya ligi yetu wenyewe, uyahesabu majukwaa. Mtu akikwambia Fumba itatajirisha vijana, muulize baada ya AFCON kutachezwa nini pale na nani atalipa umeme wa taa.

"Fumba mbali, wangejenga Maisara tu."

Everton walijenga uwanja wao mpya bandarini, ndani ya eneo la jiji la Liverpool lililokuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 2021 UNESCO iliiondoa Liverpool kwenye orodha, na uwanja huo ulitajwa miongoni mwa sababu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha hiyo tangu 2000, na Maisara ni mwendo wa miguu kutoka huko. Jengo la ukubwa ule si la kupachikwa pale kwa kura za barazani.

Ila kuhusu umbali wenyewe sina la kuwapinga. Mechi ikimalizika saa nne usiku, mtu wa Mkokotoni au Makunduchi arudi na nini? Daladala zetu hulala mapema, na barabara ya Fumba haiwezi kubeba maelfu ya watu kwa vespa.