Aina ya Kimelea cha Malaria na Majibu ya Picha Nzima ya Damu

Mgonjwa anapokabidhiwa majibu ya maabara, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama malaria imeonekana. Ni haki yake, lakini karatasi hiyohiyo hubeba pia vipimo vya wekundu wa damu (hemoglobini), chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), ambavyo hubadilika kulingana na aina ya kimelea kilichomwingia.

Plasmodium falciparum, kinachosababisha sehemu kubwa ya malaria nchini Tanzania, huvamia chembe nyekundu za umri wowote, changa kwa kongwe, na hukamilisha mzunguko wake katika damu kwa takriban saa 48, hivyo idadi yake huweza kupanda upesi mno. Plasmodium vivax na Plasmodium ovale hupendelea chembe changa, ambazo ni chache wakati wote, ilhali Plasmodium malariae huchagua zilizozeeka na huchukua saa 72. Hata hivyo, uchache wa vimelea usitulaze usingizi, kwa sababu mwili huharibu pia chembe ambazo hazikuvamiwa, hasa kupitia bandama, huku uboho ukizorota katika kutengeneza nyingine. Ndiyo maana vivax, ingawa huonekana kwa uchache kwenye slaidi (kioo chenye tone la damu), huweza kumpunguzia mtu damu kwa kiasi kikubwa, hasa inapojirudia kutoka kwenye ini.

Mtoto wa chini ya miaka 12 mwenye vimelea vya falciparum kwa wingi, ambaye wekundu wa damu yake umeshuka chini ya gramu 5 kwa desilita, huhesabiwa kuwa na malaria kali. Kwa mtu mzima kiwango hicho ni gramu 7. Mkazi wa mjini Moshi au Arusha, ambako maambukizi ni machache, huwa na kinga ndogo, na akirudi na homa kutoka Kigoma au Mtwara, ambako malaria ni nyingi, anastahili kupimwa siku hiyohiyo.

Chembe sahani, ambazo kwa kawaida ni kati ya 150,000 na 400,000 kwa kila mikrolita, hushuka mara nyingi katika malaria, iwe ya falciparum au ya vivax, kisha hupanda ndani ya siku chache za matibabu. Dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, nayo huzishusha, kwa hiyo kushuka huko peke yake hakuthibitishi malaria. Kwa maoni yangu, ni sababu tosha ya kuomba slaidi isomwe kwa hadubini. Kipimo cha haraka hakihesabu vimelea, na kile kinachotafuta protini ya falciparum huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Chembe nyeupe huwa za kawaida au pungufu kidogo. Zikipanda sana, daktari huchunguza pia maambukizi ya bakteria.

Aliyetibiwa malaria kali kwa sindano za artesunate arudi kupimwa damu hata kama anajisikia mzima. Dawa hiyo huokoa maisha, na bandama huondoa vimelea vilivyokufa ndani ya chembe nyekundu na kuzirudisha chembe hizo kwenye mzunguko. Lakini umri wa chembe hizo huwa umefupishwa, na zinapovunjika kwa pamoja, wiki moja hadi tatu au zaidi baada ya matibabu, wekundu wa damu hushuka tena. Mkojo mweusi, macho ya manjano au uchovu mpya katika kipindi hicho ni sababu ya kurudi hospitali mara moja.