Mgonjwa wa kifua na dakika 10 za muuguzi

Anayelalamikia kifua hapangi foleni, nami simsubiri daktari aje kuniagiza. Idara yetu ya dharura ina mwongozo wa maandishi, uliosainiwa na madaktari, unaomruhusu muuguzi kuanza mwenyewe: kupima ECG (mchoro wa umeme wa moyo), kuweka kanula (mrija mdogo kwenye mshipa wa damu), kuchukua damu ya kupima troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, na kumpa mgonjwa aspirini miligramu 300 aitafune, mradi haimdhuru na havuji damu. ECG inatakiwa iwe imepimwa na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli unaolishwa nao huanza kufa, na kila dakika ina hasara yake.

Wageni wa kazi hii hudhani ugumu uko kwenye mashine. Kubandika waya kunafundishika kwa wiki moja. Kuuliza ndiko kunakochukua miaka. Ukimwuliza mtu, "Unaumwa kifua?" anaweza kukataa katakata, kwa sababu anachosikia yeye si maumivu: ni uzito, ni kubanwa, "ni gesi tu, nesi." Kwa hiyo huuliza, "Unasikia nini hapa?" kisha nanyamaza. Wazee, wanawake na wenye kisukari ndio hunitia wasiwasi zaidi. Wengi wao huja na kichefuchefu, jasho la baridi, pumzi kukata au uchovu wa ghafla, kifua hakitajwi kabisa. Hao ndio husahaulika kwenye benchi.

Akisema maumivu yalianza ghafla kama kitu kinachochanika na kupenya hadi mgongoni, aspirini inasubiri. Huenda ni mshipa mkuu, aota, unaopasuka kuta zake. Napima presha mikono yote miwili na kumwita daktari papo hapo. Nitrogliserini, dawa inayotanua mishipa na kushusha presha, nayo haitoki kabatini kabla sijajua presha yake na kama ametumia dawa za nguvu za kiume. Kama ni mwanamume, nitamwuliza pembeni, mkewe asisikie, la sivyo atanidanganya. Oksijeni? Si ya kila mtu. Kama kiwango chake kwenye damu ni asilimia 90 au zaidi, haimsaidii.

ECG ya kwanza ikiwa safi, bado siiamini. Maumivu yakiendelea narudia kila baada ya dakika 15 hadi 30. Niliwahi kurudia kwa sababu tu sikuipenda rangi ya uso wa mgonjwa, na ile ya pili ilikuwa imebadilika kabisa.

Wengi, kwa bahati nzuri, moyo wao huonekana salama: troponini ya pili haijapanda, alama za HEART, kipimo cha kukadiria hatari ya moyo, ni kati ya 0 na 3, yaani hatari ndogo. Daktari husaini waende nyumbani, ila maelezo ni yangu. Simpi karatasi mgonjwa kabla hajanirudia kwa maneno yake ni dalili zipi zitamrudisha hapa, hata kama ni saa nane za usiku.