"Mwalimu, anapanda steji lini?" na mengine yanayonichosha kuhusu bharatanatyamu

Hilo swali naulizwa kabla mtoto hajavua viatu. Sitanii jamani. Mzazi kaingia, hajauliza ada wala ratiba, anauliza shoo, na wengine wanakuja kabisa na tarehe yao, eti Diwali bado wiki sita, au shuleni kwao kuna siku ya tamaduni, basi mwalimu mfundishe kawimbo kamoja tu ka kuchangamka atoke nako. Nimejibu mpaka mdomo umekauka, kwahiyo safari hii naandika, na atakayeniuliza tena namtumia hii asome huku mwanae anapasha misuli.

Shida inaanzia hapa: watu wanadhani bharatanatyamu, hii dansi ya jadi ya kusini mwa India ninayoifundisha, ni nyimbo. Yaani unajifunza wimbo wa kwanza, unamaliza, unaenda wa pili, ukifikisha tatu nne tayari wewe mchezaji. Wapi! Unaanza na adavu, zile hatua za msingi ambazo ndani yake mguu, mkono, shingo na jicho kila kimoja kina kazi yake, af chochote utakachokuja kucheza maisha yako yote kinaungwa kutokana na hizo hizo. Waliopita madrasa wananielewa, hakuna aliyerukia juzuu kabla ya alifu kwa kijiti, na sijasikia mzazi aliyemfuata ustadhi kumlalamikia kwamba miezi mitatu sasa mtoto bado yuko kwenye herufi. Kwangu mimi wanalalamika, tena kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya wenzao.

Adavu za kwanza kabisa zinaitwa tatta, kazi yake ni kupiga nyayo chini tu, mikono iko kiunoni. Ukitazama unasema hiki nacho kitu? Sasa jaribu. Unakaa aramandi: visigino vimesogeleana, vidole vinaangalia nje, magoti yamekunjwa na yamefunguka kwa pembeni, mgongo umesimama, makalio hayajabinuka nyuma. Ukiwa hapo hapo unapiga unyayo mzima, sio kisigino wala vidole, na mdomo unasema "tai ya tai hi". Hiyo ni spidi ya kwanza. Ya pili ni mara mbili ya ile, ya tatu mara mbili ya hiyo ya pili, na muda wote huo kichwa kisipande kisishuke hata kidogo, ukikaa chini umekaa chini. Watoto karibu wote wakifika spidi ya tatu magoti yanajinyoosha yenyewe, si kwa ukaidi, mapaja yanawaka moto, na mimi hapo nasimamisha tunarudi mwanzo. Mama mmoja aliniambia naua kipaji cha mtoto kwa kumrudisharudisha. Kipaji hakihusiki hapo mama, ni misuli ya paja na nyonga, na misuli haijui Diwali ni lini.

Na nyonga nazitaja makusudi kwa sababu mtoto anayeharakishwa huwa anadanganya, miguu anaigeuza nje kuanzia kwenye vifundo, juu nyonga hazijafunguka, kwahiyo goti linabaki kati linapindwa huku na huku. Goti lifuate vidole vinakoelekea, basi. Mimi bora nione aramandi fupi ya mtoto mdogo lakini magoti yamekaa sawa kuliko ile ya kwenda chini sana ya kupigia picha.

Tatta zikiisha zinakuja natta, hapo mguu unanyooshwa na mkono unaufuata, af kuna za kuruka, kuna za kuzunguka, kuna za kufungia, na kila moja inapita spidi zote tatu. Bado mikono. Kitabu cha zamani cha Abhinaya Darpana kinataja alama 28 za mkono mmoja, hapo za mikono miwili hatujazigusa, na kila moja ina jina lake na mtoto anatakiwa alijue bila kuchungulia kwa mwenzake. Bado tala, yaani mzunguko wa mapigo ya muziki. Adi tala ina mapigo 8, unayashika kwa mkono pajani: unapiga kofi, unahesabu kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, af kofi na kugeuza kiganja, kofi na kugeuza kiganja. Juu ya hayo mapigo 8 miguu inaweza kuwa inagawa kwa tatu tatu, "ta ki ta", au tano tano, "ta ka ta ki ta", au saba, na wote mnatakiwa mkutane kwenye pigo la kwanza bila kugongana. Mtoto anayenyanyua mguu vizuri ila hajui yuko pigo la ngapi, huyo kwangu anafanya mazoezi ya viungo, dansi bado.

Sasa hesabu mwenyewe. Pale Kalakshetra Chennai, India, chuo alichoanzisha Rukmini Devi Arundale mwaka 1936, wanafunzi wanashinda kwenye hiyo kazi kutwa nzima na diploma ni miaka 4. Wangu wanakuja jioni mara mbili kwa wiki, wametoka shule wamechoka, kuna wanaotoka Tegeta huko wameshakaa foleni mpaka njaa inauma, wiki ya mitihani hawaji, mvua za masika zikishika hawaji, af unaniambia wiki sita. Onyesho lenyewe la kumtoa mwanafunzi, arangetramu, ni mtu mmoja stejini masaa mawili na zaidi, kwa mpangilio waliouweka sawa wale ndugu wanne wanamuziki wa Tanjore, kusini mwa India, karne ya 19: alaripu, jatiswaramu, shabdamu, varnamu, padamu, unamalizia tilana. Varnamu peke yake inaweza kupita nusu saa, miguu na hadithi vinapokezana humo humo na hakuna pa kupumzikia. Kwa darasa la jioni miaka mitano ni kukimbia, saba au nane ndo kawaida, na kuna wanaofika kumi.

Haimaanishi watoto wanafichwa ndani. Nawatoa, tena kwenye shughuli za mtaani humu humu, Upanga, Kisutu, shule zikituita tunaenda. Ila mtoto anatoka na kile alichokimaliza. Alaripu inafaa sana kwa hilo, ni dakika chache, haina hadithi, mwili unafunguka kuanzia macho, shingo, mabega mpaka magoti, na watoto kumi wakiipiga pamoja unyayo mmoja ukumbi unanyamaza wenyewe. Kwahiyo waandaaji nao wasiniambie "alaripu imepoa, hamna ya Shah Rukh Khan?"

Mkitaka kunisaidia kweli, acheni kumtafutia shoo, mwambieni akiwa kwenye gari au daladala ashike tala pajani, foleni ya Morogoro Road ni darasa la bure. Nyumbani asinipigie miguu kwenye marumaru iliyokaa juu ya zege, muundi utamuuma na atachukia dansi, na kama mnakaa ghorofani jirani wa chini atawachukia nyie. Nyumbani afanye mikono, macho, tala, na kukaa aramandi bila kupiga. Kupiga aje kupigia darasani kwenye mbao. Na video za TikTok mfungieni, naongea kwa uchungu, mtoto anakuja anajua "wimbo mzima" amejifunza kwenye simu, kushoto na kulia amebadilisha kwa sababu aliiga kama kwenye kioo, magoti yamenyooka kama anangoja basi, na kumtoa hayo inachukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

"Si zile za kwenye filamu?" Hapana. Dansi za filamu zinachota popote, mara kathaki, mara bhangra, mara disko, na wakati mwingine kweli wanachota na huku kwetu, lakini kuchota hakufanyi iwe ile yenyewe. Wala si garba. Garba na dandia za sikukuu ya Navratri ni za Gujarati, mnazunguka duara na yeyote anaingia, raha yake ni hiyo. Bharatanatyamu asili yake Tamil Nadu, kusini kabisa, na kwa vile familia nyingi za Kihindi hapa Dar asili yao ni Gujarat na Kutch, hata bibi wa Upanga anaweza kukwambia hajawahi kuicheza maishani na wala hajadanganya. Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaani ya India, inatambua dansi 8 za jadi za daraja hili, kila moja na mkoa wake na mwili wake. Kathaki ya kaskazini kwa mfano wanasimama wima na kuzunguka kwa kasi, ukimkalisha aramandi atakushangaa.

"Haijabadilika tangu miaka elfu mbili." Hii wanaipenda ma-MC, na ndo inayosababisha nikae nimefumba macho nyuma ya pazia. Natya Shastra, kitabu cha misingi ya dansi na maigizo, ni cha kale kweli, na pale hekalu la Chidambaram mikao 108 imechongwa kwenye mawe, sawa. Lakini hii tunayoipandisha steji imepita mikononi mwa watu, tena si zamani sana. Ilikuwa inaitwa sadiri, wakiicheza wanawake wa ukoo wa devadasi, yaani waliowekwa wakfu hekaluni, mahekaluni na kwa wafalme. Wakati wa Waingereza ikapigwa vita, wanawake wenyewe wakabandikwa majina mabaya, mwaka 1947 mkoa wa Madras ukapitisha sheria ya kuzuia wasichana kuwekwa wakfu hekaluni. Katikati ya hapo, miaka ya 1930, kina wakili E. Krishna Iyer na Rukmini Devi yule wa Kalakshetra wakaisafisha walivyotaka wao, wakaivalisha, wakaiweka kwenye kumbi za watu wenye heshima zao. Balasaraswati, mchezaji mkubwa aliyetoka kwenye ukoo wenyewe, hakukubaliana kabisa na huko kusafisha. Sasa MC akisema "haijaguswa tangu kale" anawafuta wale wanawake mara ya pili.

"Mwalimu, ni ibada hiyo?" Wazazi Waislamu na Wakristo wananiuliza pembeni kwa sauti ndogo, na mimi nawajibu kwa sauti ya kawaida: nyimbo nyingi zinahusu miungu ya Kihindu, Shiva, Krishna, Murugan, na tunaanza na kumaliza kwa namaskaramu, kuigusa ardhi tunayoipiga. Sitawaficha. Alaripu na jatiswaramu ni dansi tupu, mtoto anaweza kufika mbali sana kwa hizo tu, na kule Tiruchirappalli kuna chuo cha Kalai Kaviri kilichoanzishwa na padre Mkatoliki na wanacheza habari za Biblia. Mkae nyumbani muamue, mkija mmeshaamua. Nisichokitaka ni mtoto kutolewa katikati ya mwaka kwa sababu shangazi kaona picha.

"Mvulana?" Ndio, mvulana. Walimu wa zamani wa hii kitu, wale natuvanari wanaopiga matoazi, walikuwa wanaume, kathakali na kuchipudi, dansi nyingine za jadi za kusini, zilikuwa za wanaume, na Shiva mwenyewe kwenye ile sanamu anacheza na ni dume. Mlete.

Ile nyekundu vidoleni sio hina. Ni alta, rangi ya maji, inapakwa ili mikono na nyayo zionekane mpaka kiti cha mwisho, baada ya siku chache imetoka. Msije na piko.

Njuga nazo: "nimemnunulia njuga ndo atapata hamu." Rudisha. Njuga si pambo, ni ala, kila kosa la mguu linasikika ukumbi mzima, kwahiyo mtoto ambaye tatta zake bado zinayumba ukimvisha njuga umemtangazia. Akifika tunampa sisi, inawekwa mbele ya taa, mwalimu anaibariki, na siku hiyo nyote mnaalikwa na kula mtakula.

La mwisho ni la kutunza, na hapa najua nagusa mila ya watu. Sisi wa Dar mtu akitufurahisha tunanyanyuka, tunaenda kumbandika noti kwenye paji la uso, taarabu haijakamilika bila hiyo, na mimi nikiwa harusini natunza vizuri tu. Ila yule binti hapo juu yuko katikati ya varnamu, kwa wakati huo ni mwanamke anayemlaumu mpenzi wake kwa kuchelewa, macho yake yanamwangalia mtu asiyekuwepo, af anatokea baba mkubwa na elfu kumi. Hawezi kuipokea, hawezi kucheka, hawezi kusimama kwa sababu ngoma haisimami, na noti ikidondoka sakafuni akiikanyaga pekupeku anateleza. Ngojeni amalize. Hela tunazitaka sana, spika zetu moja imekufa, na boksi lipo mlangoni upande wa kushoto ukitoka.