Neno la Kihindi lisipoonekana mtandaoni, si kwamba halimo vitabuni

Wengi hutafuta neno adimu la Kihindi kwenye maktaba za mtandaoni na, wakitoka mikono mitupu, huamua kwamba halijawahi kuchapishwa. Si kweli. Chukua jina lenyewe la lugha hiyo: wengine huliandika हिन्दी, kwa herufi ya n iliyokatwa nusu, wengine हिंदी, kwa nukta juu ya mstari. Msomaji anaona neno moja, kompyuta inaona mawili. Ukitafuta kwa tahajia moja tu, umeacha vitabu vingi rafuni. Tena ule mstari wa juu unaounganisha herufi za Kidevanagari, yaani maandishi ya Kihindi, huichanganya sana mashine inaposoma kurasa zilizochakaa. Grafu za Google Ngram, zinazoonyesha neno limetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka, ndizo usizitegemee kabisa, maana hazina mkusanyo wa Kihindi.

Mimi ningeanza na Hindi Shabdsagar, kamusi kubwa ya Kihindi ya Nagari Pracharini Sabha, chama cha kukuza lugha hiyo kilichoko Varanasi, India. Raha yake ni kwamba maneno mengi yamewekewa mistari ya washairi kama Tulsidas na Surdas. Mstari huo unakuonyesha mahali pa kuanzia, pamoja na tahajia ya zamani ya kutafutia.