Mtu wa pili chini ya mti hakuja kuokota matawi

Mteja mwingine wa mtaa wa Muhumba amesoma bei yangu ya kupanda na kukata mti, akahesabu watu, kisha akaniambia kwa upole: "Papa, anayepanda ni mmoja, hao wawili wa chini nitawalipa kwa kutazama juu?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno katika Bukavu hii, ambamo mikaratusi mingi imesimama kwenye mteremko, juu ya mabati ya jirani, kwa hiyo naliandikia jibu.

Mshika kamba si kibarua wa kukusanya matawi. Gogo bichi la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita moja lina uzito wa kilo 120 hivi. Likining'inia kwenye kamba iliyopitishwa katika kapi na kushikiliwa kutoka chini, shina lililofungwa kapi hilo hubeba karibu mara mbili ya uzito huo, kwa sababu gogo linavuta upande mmoja na mshikaji anavuta upande wa pili. Hapo sijataja mshtuko. Gogo likidondoka kidogo, kisha kamba ikazuiwa ghafla, nguvu hiyo huongezeka sana, na anayetikiswa ni mpandaji aliyejifunga kwenye shina hilohilo. Mshikaji anayeijua kazi huizungusha kamba kwenye kitako cha mti, akaiacha ikimbie huku akiibana polepole, hadi gogo litulie bila kishindo. Ukimwongezea vijana watano wa kumsaidia kuvuta, kila mmoja akivuta kwa akili yake, umeongeza hatari tu.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni jibu la "mpandaji akipata shida tutaita watu". Watu gani? Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda wa kupandia hutuamiwa na damu miguuni, na anaweza kufa kabla ya nusu saa kwisha, hata kama tawi lililompiga lilikuwa dogo. Ngazi ya nyumbani haifiki mita 20, na gari la zimamoto haliwezi kupita katika vichochoro vya Kadutu hapa mjini. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kazi hii nchini Uingereza unataka watu wasiopungua wawili, na mmoja wa waliobaki chini awe na uwezo wa kupanda na kumshusha mwenzake bila kuchelewa. Maana yake ni kwamba ana mkanda wake mwilini, ana kamba yake mwenyewe, na anajua kulilegeza fundo lililokazwa na uzito wa mtu asiyejiweza. Asipopanda siku nzima, bado amefanya kazi niliyomlipia.

Vitabu huandika hayo kana kwamba cheti cha mafunzo kinatosha. Mimi nina shaka kama kila aliyefanya mazoezi kwenye mti mtulivu ataweza kuyarudia akiona damu ya mwenzake ikichuruzika kwenye gome, na ndiyo maana kwangu mpandaji wa leo ndiye mshika kamba wa kesho. Mtu wa tatu, yule wa kuwazuia wapita njia, nakubali kumjadili: kwa mparachichi wa mita tano ndani ya ua uliofungwa, wawili wanatosha. Kwenye mteremko wenye njia ya wapita kwa miguu chini yake simwondoi, kwa sababu gogo huku kwetu halibaki lilipoangukia, na mama aliyebeba mzigo kichwani hatazami juu.

Mengine nayasema kwa kifupi. Msumeno wa injini ukiwaka juu ya mti, mpandaji awe amefungwa sehemu mbili, kamba kuu na kamba fupi ya kiunoni. Miiba ya chuma ya viatuni ni ya mti unaoangushwa, si ya mti unaopunguzwa matawi. Nyaya za umeme zihesabiwe kuwa na moto hata mtaa mzima ukiwa gizani, maana umeme hurudi bila kubisha hodi, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kuurudisha kwenye waya. Nyaya zikipita kati ya matawi, sitaji bei yoyote kabla hazijakatiwa umeme rasmi.